Amri ya verify hufungua faili kabla ya kuiamini

Katika ofisi nyingi ndogo za programu hapa Mombasa, kuanzia zinazowatengenezea mawakala wa forodha mifumo ya kutolea mizigo hadi zinazouza programu za mauzo madukani, mashine inayotia programu sahihi ya kidijitali, yaani alama inayoonyesha imetoka kwa nani na haijabadilishwa, ndiyo hiyo hiyo inayokagua kila kitu. Tokeni ya USB yenye ufunguo wa kutia sahihi imechomekwa nyuma, PIN imeandikwa ndani ya skripti. Mteja akileta faili ya .exe kwenye flashi akisema inakataa kufunguka, inahakikiwa papo hapo kwa osslsigncode verify, amri inayokagua sahihi ya faili. Wengi huamini kwamba kuhakiki ni kutazama tu, na kutazama hakuharibu kitu.

Sisi tunaona kinyume chake. Unapotia sahihi, faili inayoingia umeijenga mwenyewe dakika chache zilizopita. Unapohakiki, faili inatoka kwa mtu usiyemjua, na programu inalazimika kuichambua ndani hadi baiti ya mwisho ya sahihi ndipo ijue kama ni ya kuaminiwa. Uchambuzi hutangulia, hesabu ya ufunguo hufuata. Kosa likiwa kwenye uchambuzi, mshambulizi hahitaji cheti chochote, hata cha kughushi.

Fikiria kontena pale Kilindini. Lina sili na lina manifesti. Manifesti inasema katoni 96, na rafu ya mkaguzi ina nafasi ya katoni 64. Mkaguzi makini atasimama na kuuliza. Programu ya C isiyo na ukaguzi haiulizi: inapakua zote, na zile 32 zilizozidi zinaangukia meza ya jirani, penye karatasi inayosema kazi gani ifuate. Aliyeandika manifesti ni mshambulizi, na vilivyomo ndani ya zile katoni 32 amevichagua yeye. Sasa fikiria kwamba mkaguzi huyo anafanya kazi hiyo ndani ya chumba zinamohifadhiwa sili zote za kampuni. Ndivyo tulivyopanga mashine zetu.

Huku ndiko kufurika kwa bafa. Bafa ni sehemu ya kumbukumbu yenye ukubwa uliopangwa, na kufurika ni kuandika kupita mwisho wake. Ikiwa bafa iko kwenye staki, sehemu ya kumbukumbu ambako fanksheni huweka vigeu vyake, baiti zinazozidi hufuta vigeu vya jirani, kisha zinaifikia anwani ambayo fanksheni itairudia ikimaliza. Mwenye kuiandika anwani hiyo ndiye anayeamua programu iende wapi.

Mfano wa kweli upo. osslsigncode ni programu huria inayotumiwa sana na watu wanaotia sahihi faili za Windows wakiwa kwenye Linux. Toleo 2.3 la Machi 2022 lilitoka na onyo zito: matoleo ya kabla yake yalikuwa na makosa kadhaa ya kumbukumbu, na faili iliyotengenezwa kwa nia mbaya iliweza kuifanya programu iendeshe msimbo wa mshambulizi. Baadaye ikasajiliwa CVE-2023-36377 (CVE ni namba ya kutambulisha tundu la usalama lililojulikana), nayo inahusu kufurika kwa bafa kupitia faili za .exe, .sys na .dll, na maelezo yake yanalihesabu hata toleo 2.3 lenyewe kuwa limo. Kwa hiyo usiishie kwenye 2.3, nenda kwenye toleo jipya kabisa. Maelezo hayo pia yanamtaja mshambulizi kama "local attacker", yaani mtu aliye ndani ya mashine, na neno hilo limewapumbaza wengi wakaona haliwahusu. Faili ikifika kwa barua pepe nawe ukaihakiki, mshambulizi ameshaingia.

Ili kuelewa mahali kosa linapojificha, inafaa kuisoma faili kwa mkono. Faili ya Windows huanza na herufi MZ. Kwenye baiti ya 60 kuna namba ya baiti 4 inayosema kichwa cha PE, muundo wa faili za programu za Windows, kiko wapi. Kutoka hapo, alama ya PE ni baiti 4, kichwa cha COFF ni baiti 20, na baiti ya 24 inaanza kichwa cha tatu, ambacho baiti zake 2 za kwanza husema kama faili ni ya biti 32 (0x10b) au 64 (0x20b). Mahali pa sahihi pameandikwa baiti 152 kutoka alama ya PE kwa faili za biti 32, na baiti 168 kwa zile za biti 64. Hapo kuna namba mbili za baiti 4 kila moja: sahihi inaanzia wapi ndani ya faili, na ina ukubwa gani.

pe=$(od -An -tu4 -j60 -N4 faili.exe)
od -An -tx2 -j$((pe+24)) -N2 faili.exe
od -An -tu4 -j$((pe+168)) -N8 faili.exe
stat -c %s faili.exe

Mstari wa pili ukitoa 010b, badilisha 168 iwe 152. Namba mbili za mstari wa tatu zikiwa sifuri, faili haina sahihi. Kwa faili safi yenye sahihi, mwanzo ukijumlisha na ukubwa kwa kawaida unapata urefu wote wa faili, kwa kuwa sahihi hukaa mkiani. Jumla ikizidi urefu wa faili, kuna mtu amezichezea namba hizo au faili imekatika njiani.

Sahihi yenyewe huanza na kichwa kidogo cha baiti 8: urefu katika baiti 4, toleo katika baiti 2 (0x0200), na aina katika baiti 2 (0x0002). Baada yake ndipo unapokuja muundo wa PKCS#7, unaobeba sahihi na vyeti, uliofungwa kwa DER, namna ya kupanga data ambamo kila kipande hutanguliwa na aina yake na urefu wake. Hesabu urefu tuliokwisha kuutaja: uko kwenye jedwali la PE, uko kwenye kichwa cha baiti 8, na uko ndani ya kila kipande cha DER. Wote huo umeandikwa na aliyetengeneza faili. Kila urefu ambao programu inauamini bila kuupima ni mlango.

Kosa la kwanza ndilo rahisi. Ndani ya PKCS#7 kuna hashi ya faili, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka baiti zake zote. SHA-256 ni baiti 32, SHA-512 ni baiti 64, na OpenSSL, maktaba ya usimbaji inayotumiwa na osslsigncode, huweka kikomo cha EVP_MAX_MD_SIZE ambacho ni 64. Mwandishi wa programu anatenga bafa ya 64, kisha anaandika hivi (msimbo huu tumeuandika wenyewe kwa ajili ya maelezo; memcpy hunakili baiti):

unsigned char md[EVP_MAX_MD_SIZE];
memcpy(md, d->data, d->length);

Anajiambia kwamba hakuna hashi inayozidi 64. Ni kweli, hakuna. Lakini d->length haitoki kwenye hashi, inatoka kwenye faili, na faili inaweza kusema 96. Dawa tunayoipendekeza ni ya kudai ukubwa kamili unaolingana na aina ya hashi, wala si kukubali chochote kilicho chini ya 64:

if (d->length != EVP_MD_get_size(aina)) return 0;

Kwa kuridhika na "isizidi 64" unazuia kufurika, lakini unaruhusu hashi fupi, na atakayelinganisha kwa urefu uliotoka kwenye faili atajikuta analinganisha baiti 1 peke yake. Hilo ni tundu la aina nyingine, tena la kimya zaidi.

Kosa la pili lina ukaguzi, na ukaguzi wenyewe ndio mbovu. Tazama:

uint32_t mwanzo, ukubwa, urefu;
if (mwanzo + ukubwa > urefu) return 0;

Mshambulizi anaandika mwanzo 0xFFFFFFF0 na ukubwa 0x20. Jumla halisi ni 0x100000010, lakini biti 32 haziwezi kuibeba, ile 1 ya mbele inadondoka, inabaki 0x10, yaani 16. Kumi na sita ni ndogo kuliko urefu wa faili yoyote ya .exe, hivyo ukaguzi unapita. Programu inaendelea kusoma mahali palipo karibu GB 4 mbele ya mwanzo wa faili. Andika kwa kutoa badala ya kujumlisha, na uanze na kile kinachotolewa:

if (ukubwa > urefu || mwanzo > urefu - ukubwa) return 0;

La tatu ni la alama hasi. Urefu ukihifadhiwa kwenye int, kisha ukapimwa kwa if (n > 64), namba -1 inapita kwa raha. Ikifika memcpy inageuzwa kuwa namba isiyo na alama, na ghafla ni kubwa kuliko kumbukumbu yote ya mashine. Hapo mara nyingi programu itaanguka tu, lakini si vyema kutegemea bahati hiyo.

Sasa ukaguzi wa mashine yako. Anza na osslsigncode --version, halafu apt policy osslsigncode ukiwa kwenye Debian au Ubuntu. Namba ya toleo peke yake haitoshi: wasambazaji wakati mwingine hurudisha viraka kwenye toleo la zamani bila kubadili namba yake kuu, kwa hiyo soma orodha ya mabadiliko ya kifurushi na utafute CVE yenyewe. Kama jibu haliko wazi, jenga mwenyewe kutoka msimbo chanzo wa karibuni. Ukijenga, tumia -O2 pamoja na -fstack-protector-strong (kinga ya staki) na -D_FORTIFY_SOURCE=2 (FORTIFY, inayoongeza ukaguzi wa ukubwa wa bafa kwenye fanksheni kama memcpy). Ukiacha -O2 ile FORTIFY haifanyi kazi, kwa sababu inategemea uboreshaji wa kompaila. Kinga ya staki huweka namba ya siri kati ya bafa na anwani ya kurudi. Namba ikiguswa, programu inajiua kwa ujumbe "stack smashing detected". Hiyo haizibi tundu, inageuza wizi kuwa kuanguka, nako kuanguka ni afadhali mara mia. Lakini haisaidii kitu kwa bafa iliyotengwa kwa malloc, nje ya staki, ambako hakuna namba ya siri ya aina hiyo.

Kwa kusaka makosa yenyewe, jenga nakala ya pili kando yenye AddressSanitizer, zana ya kompaila inayonasa makosa ya kumbukumbu:

cmake -S . -B jenga -DCMAKE_BUILD_TYPE=Debug -DCMAKE_C_FLAGS="-fsanitize=address,undefined -g -O1 -fno-omit-frame-pointer"
cmake --build jenga

Nakala hii husema wazi baiti ngapi zimeandikwa, kwenye bafa ipi, mstari gani wa msimbo. Usiipeleke kwenye kazi za kila siku, ni chombo cha maabara. Na usiichanganye na FORTIFY, kwa kuwa FORTIFY hubadilisha baadhi ya fanksheni ambazo AddressSanitizer inataka kuziona.

Ukitaka kuilisha maelfu ya faili mbovu bila kuchoka, AFL++ inatosha: hiyo huharibu faili za mfano, ziitwazo mbegu, na kuilisha programu moja baada ya nyingine. Jenga kwa CC=afl-clang-fast na AFL_USE_ASAN=1, kisha:

afl-fuzz -i mbegu -o matokeo -m none -- ./jenga/osslsigncode verify -in @@

Mbegu ndizo zinazoamua kama utapata kitu. Watu huweka .exe yoyote waliyo nayo, wanaacha mashine usiku kucha, asubuhi hawana kitu wanasema programu ni salama. Faili isiyo na sahihi haifiki kabisa kwenye msimbo wa PKCS#7, hivyo sehemu yenye hatari haikuguswa. Weka faili zenye sahihi, ndogo, za kilobaiti chache ukiweza, maana kila kilobaiti ya ziada ni muda unaopotea kuharibu baiti zisizohusika. Weka ya biti 32 na ya biti 64, kisha CAB, MSI na CAT, ambazo ni aina nyingine za faili za Windows zinazotiwa sahihi, kwa sababu kila aina ina njia yake ya kuchambuliwa. Kata mtandao wakati wa zoezi, kwani uhakiki unaweza kutoka nje kutafuta orodha za vyeti vilivyobatilishwa, na kila jaribio litakuwa linasubiri seva ya mbali. Yote haya uyafanye kwenye mashine zako. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, na seva ya mtu mwingine si uwanja wa mazoezi.

Baada ya hapo, panga upya kazi. Hili ndilo tungetaka msomaji alifanye hata kama mengine yote atayaacha, kwa sababu toleo jipya linaziba makosa yaliyokwisha kujulikana tu, na faili ya mgeni haisubiri mengine yajulikane. Tangu 1 Juni 2023 kanuni za CA/Browser Forum, muungano wa watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, zinataka ufunguo wa cheti cha kutia sahihi programu ukae ndani ya kifaa cha kiwango cha FIPS 140-2 Level 2 au Common Criteria EAL4+. Ni kanuni nzuri, na tumewaona wengi wakipumua kwa kudhani yamekwisha. Kifaa hulinda ufunguo usiibiwe. Hakiulindi usitumiwe. Msimbo wa mshambulizi ukishaendeshwa kwa jina la mtumiaji anayetia sahihi, na tokeni imechomekwa, na PIN imo kwenye skripti, ataiomba tokeni isaini programu yake nayo itasaini kwa utiifu. Mwaka 2010 programu hasidi ya Stuxnet ilisambaa ikiwa na madereva yenye sahihi halali za kampuni za Realtek na JMicron, na Windows haikuwa na sababu ya kuikataa. Sahihi ya kampuni ndogo ya Nyali au Tudor nayo, kwa mteja aliyeizoea, ina uzito huo huo.

Faili ya mgeni ihakikiwe kwenye mashine isiyo na tokeni. Kama huna mashine ya pili, ifungie chumbani kwa bwrap, programu ya Linux inayotenga programu nyingine na mfumo:

timeout 60 bwrap --unshare-all --die-with-parent --new-session --ro-bind /usr /usr --symlink usr/lib /lib --symlink usr/lib64 /lib64 --ro-bind /etc/ssl /etc/ssl --proc /proc --dev /dev --tmpfs /tmp --ro-bind "$PWD/mgeni.exe" /tmp/mgeni.exe /usr/bin/osslsigncode verify -CAfile /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt -in /tmp/mgeni.exe

Ndani ya chumba hiki hakuna mtandao, hakuna saraka yako ya nyumbani, na hakuna /run/pcscd/pcscd.comm, ambayo ndiyo njia ya programu kuifikia tokeni. Mambo mawili hukwamisha watu. Ubuntu 24.04 huzuia watumiaji wa kawaida kutengeneza vyumba vya namna hii kupitia AppArmor, mfumo wa Linux wa kudhibiti ruhusa za programu, na bwrap itakataa kwa kulalamikia "uid map". Mruhusu bwrap peke yake kwa wasifu wa AppArmor, usizime kinga kwa mfumo mzima. La pili, fungu la vyeti la Linux limekusanywa kwa ajili ya tovuti, hivyo baadhi ya mizizi (vyeti mama) ya vyeti vya kutia sahihi haimo, na uhakiki utashindwa kwa faili iliyo halali kabisa. Ongeza mzizi wa mtoa cheti wako kwenye faili ya kando na uielekeze kwa -CAfile.

Soma namba ya kutokea (exit code), ambayo programu huirudisha ikimaliza, kwa makini. Uhakiki ulioshindwa kawaida hurudisha 1. Ukiona 124, muda umekwisha. Ukiona 139 programu imegusa kumbukumbu isiyo yake, na 134 ni kujiua, mara nyingi kwa sababu ya ile namba ya siri ya staki. Skripti nyingi huchukulia kila kisicho sifuri kuwa "sahihi mbovu" na kuendelea na faili inayofuata, na kwa njia hiyo ushahidi bora kabisa wa shambulio unatupwa. Faili iliyotoa 134 au 139 iwekwe kando, ichukuliwe hashi yake kwa sha256sum, ifungwe kwenye zip yenye nywila, na wenye programu waandikiwe faraghani kabla ya mtu mwingine yeyote. Hapa nchini unaweza pia kuwaarifu National KE-CIRT/CC, kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mitandao.

Kwa kutia sahihi, matoleo ya karibuni ya osslsigncode yana amri mbili zinazotenganisha kazi vizuri: extract-data na attach-signature. Mashine ya kujenga inatoa kipande kidogo cha data chenye hashi ya faili, kipande hicho ndicho kinachopelekwa kwenye mashine yenye tokeni na kutiwa sahihi, kisha sahihi inarudi na kuunganishwa na faili kwa -sigin. Mashine yenye ufunguo haifungui .exe yoyote. Hakikisha -h sha256 inatumika sawa pande zote, la sivyo kuunganisha kutagoma. Kumbuka pia kwamba jibu la seva ya muhuri wa saa, inayothibitisha sahihi ilitiwa lini, ni data ya nje inayochambuliwa vilevile, na anwani nyingi za muhuri ni http tupu, kwa hiyo ruhusu mashine hiyo ifike kwenye anwani hiyo moja na si kwingine.

Ikiwa unashuku kwamba faili mbovu imekwisha kuhakikiwa kwenye mashine yenye tokeni, chomoa tokeni kwanza, usizime mashine, na ulinganishe idadi ya sahihi zilizotolewa na idadi ya matoleo uliyoyajenga. Shaka ikibaki, mwombe mtoa cheti akibatilishe kuanzia tarehe unayoamini mashine ilikuwa bado salama. Programu zako za kabla ya tarehe hiyo zitaendelea kukubaliwa na Windows ikiwa tu zilipigwa muhuri wa saa wakati wa kutiwa sahihi. Zisizo na muhuri zitaanguka pamoja na cheti, na itabidi uzunguke na flashi kwa kila mteja, kuanzia Changamwe hadi Mtwapa.